Ziara ya Mafunzo Rwanda: Majibu kwa Wasomaji wa Dodoma

Safu hii imepokea barua kadhaa kutoka Dodoma zinazohusu jambo moja. Wanafunzi wa biashara na ugavi wa chuo kimoja cha hapa mkoani wanatarajia kwenda Rwanda kwa basi, kutembelea makampuni na maeneo ya utamaduni, na walioandika ni mhadhiri anayeratibu safari hiyo, mzazi mmoja na wanafunzi wawili. Kwa kuwa maswali yao yanagusana, tumeona tuyajibu pamoja.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepewa jukumu la kuratibu ziara ya wanafunzi wetu wa mwaka wa pili kwenda Kigali. Tutakuwa na siku tano za kazi tukiwa huko. Mpaka sasa kamati imependekeza makampuni tisa na makumbusho manne, na kila mjumbe anatetea pendekezo lake. Nifanyeje ili ratiba itoshe na wanafunzi wapate kitu cha maana?
*Mhadhiri, Dodoma Mjini*

JIBU: Ndugu Mhadhiri, ratiba hiyo haitatosha, na hata ingetosha isingewafaa wanafunzi wako. Kundi linaloingia katika makampuni mawili au matatu kwa siku huishia kuketishwa kwenye ukumbi wa mikutano, kusikiliza historia ya kampuni ambayo lingeweza kuisoma likiwa Dodoma, kupiga picha ya pamoja getini na kukimbilia basi. Ninashauri kamati iache kwanza kujadili majina ya makampuni. Ikubaliane juu ya bidhaa moja ambayo wanafunzi wataifuatilia tangu inapoanzia hadi inapomfikia mlaji, kisha kila mahali patakapotembelewa, pawe kiwandani au kwenye makumbusho, pachaguliwe kwa sababu panaeleza kipande fulani cha safari ya bidhaa hiyo.

Nichukue mfano wa maziwa, kwa sababu vijana wengi waliokulia Dodoma wanayafahamu tangu zizini. Huko Nyanza, takribani kilomita 90 kusini mwa Kigali, kuna makumbusho ya makazi ya wafalme wa Rwanda. Nyumba ya mfalme ya msonge imejengwa upya kwa nyasi kama ilivyokuwa zamani, na nyuma yake kuna kibanda kilichokuwa maalumu kwa kutunzia maziwa ya mfalme, chini ya ulinzi wa msichana aliyepewa kazi hiyo peke yake. Hapo hapo hufugwa inyambo, ng'ombe wa kifalme ambao pembe zao hupanda juu kuliko kichwa cha mchungaji aliyesimama kando yao, na wachungaji huwaimbia kwa sauti ya chini wakiwataja sifa zao huku wanyama hao wakitembea polepole kama wanaoelewa. Kijana wa Kigogo anayesimama hapo hahitaji kuelezwa kwamba ng'ombe ni heshima ya mji na kwamba ndiye anayelipa mahari. Anachohitaji kujiuliza ni namna heshima hiyo ilivyogeuka kuwa biashara, na jibu la swali hilo analipata katika vituo vinavyofuata vya safari yenu.

Mwaka 2006 serikali ya Rwanda ilianzisha mpango unaoitwa Girinka, ambao kaya maskini hupewa ng'ombe mmoja kwa masharti kwamba ndama jike wa kwanza atapewa jirani mwenye uhitaji. Maziwa hupelekwa katika vituo vya kukusanyia, hupimwa na kupoozwa, kisha sehemu yake huenda katika viwanda kama cha Inyange kilichopo Kigali. Mtaani nako kuna maduka ambayo hayauzi kitu kingine cha maana zaidi ya maziwa, mteja akiketi mezani na kuletewa bilauri ya maziwa freshi au ya mgando, pamoja na mandazi au chapati. Basi siku moja iwe ya Nyanza, siku nyingine muigawe kati ya kituo cha kukusanyia na kiwanda, na jioni moja wanafunzi wakae katika duka la maziwa na kumuuliza mwenye duka ananunua kwa nani, kwa bei gani, na hufanya nini na maziwa yaliyobaki. Wakirudi, watakuwa na msingi wa kuuliza kwa nini maziwa ya mfugaji wa Bahi au Chamwino hayafiki kwa urahisi kwenye friji za maduka ya mjini Dodoma. Hilo ni swali la biashara lenye uzito wa kutosha kubeba utafiti wa mwaka wa tatu.

Barabara ya kwenda Nyanza inapita Muhanga, ambako tangu Oktoba 2016 ndege ndogo zisizo na rubani za kampuni ya Zipline hurushwa kupeleka damu katika hospitali. Kwa wanafunzi wa ugavi hakuna darasa zuri kuliko hilo kuhusu bidhaa inayoharibika na mteja asiyeweza kusubiri. Mkipata kibali cha kupita asubuhi mkielekea Nyanza, hamtahitaji siku ya peke yake.

Mmesema mnasafiri kwa basi, nami ninafurahi, maana njia yenyewe ni sehemu ya somo. Kutoka Dodoma hadi Kigali ni zaidi ya kilomita 1,000, kupitia Singida, Igunga, Nzega, Kahama na Lusahunga hadi Rusumo, na sehemu kubwa ya bidhaa ambazo Rwanda huagiza kutoka ng'ambo hupitia bandari ya Dar es Salaam na kufuata njia hiyo hiyo. Ombeni ruhusa ya saa mbili katika bandari kavu ya Isaka, wanafunzi waone makontena yakishushwa kutoka kwenye mabehewa na kupakiwa kwenye malori. Laleni Kahama, msijaribu kufika mpakani usiku. Kesho yake mtaungana na malori hayo njia nzima hadi daraja la Rusumo, juu ya mto Kagera, ambapo maji hushuka yakiwa na rangi ya udongo na ngurumo yake husikika hata injini za malori zikiwa zinawaka. Hapo pana mtambo wa umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana kwa usawa, na pana kituo cha pamoja cha mpakani ambacho kimeondoa ile adha ya kugongewa mihuri upande mmoja na kupanga foleni upya upande wa pili. Mkishavuka, dereva wenu ataanza kuendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo atafutwe dereva ambaye amekwisha kuizoea njia hiyo, na bima ya gari iwe inayotambulika ng'ambo ya mpaka. Mkifika Kigali, bandari kavu ya Masaka inayoendeshwa na DP World itawaonesha mzigo ule ule unavyopokewa. Mwanafunzi aliyeandika Isaka muda ambao lori lilisubiri kupakiwa, akaandika Rusumo muda wa ukaguzi, na Masaka muda wa kushushwa, atakuwa amejikusanyia takwimu zake mwenyewe kuhusu gharama ya kuchelewa.

Kati ya makumbusho manne, bakizeni Nyanza na kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Gisozi, ambayo nimeieleza zaidi hapa chini. Nyumba ya Richard Kandt, Mjerumani aliyeanzisha mji wa Kigali mwaka 1907, inafaa kwa alasiri itakayobaki wazi, kwa kuwa inawakumbusha vijana kwamba Rwanda na Tanganyika ziliwahi kutawaliwa kama sehemu za koloni moja.

Kuhusu barua za maombi, ziandikwe mapema, angalau miezi miwili kabla, na kila kampuni iandikiwe barua yake. Barua inayosema tu kwamba wanafunzi wanaomba kuja kujifunza hupelekwa kwa ofisa uhusiano, naye huwapokea kwa ukarimu na kuwaonesha kile anachowaonesha wageni wote. Andikeni hivi: "Tunaomba kuonana na msimamizi wa mapokezi ya maziwa ghafi, tuone yanavyopimwa kabla ya kukubaliwa, na tuelezwe mfugaji hulipwa baada ya siku ngapi." Barua ya namna hiyo hufika kwenye meza inayohusika, kwa sababu anayeipokea anaona kwamba wageni wanajua wanachokitaka. Wanafunzi nao wagawanywe katika vikundi vya watu kumi au kumi na wawili, maana kiwandani kuna kelele, na anayesimama nyuma ya watu arobaini hasikii chochote.

Mambo mawili ya kalenda na saa yasisahaulike. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo miadi ya saa tatu asubuhi Kigali ni saa nne ya Dodoma, na simu ambayo haijabadilika yenyewe inaweza kuwachanganya wasimamizi. La pili ni kwamba Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi wananchi wote hufanya kazi za pamoja za usafi na ujenzi, zinazoitwa umuganda, na biashara hufungwa hadi karibu na mchana. Siku hiyo msiiwekee miadi ya kampuni. Ombeni kwa viongozi wa mtaa mtakaofikia wanafunzi washiriki, washike jembe na fagio pamoja na wenyeji, wakae na katika kikao kinachofuata baada ya kazi.

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Binti yangu yuko katika chuo hicho na tumeambiwa tuchangie fedha za safari, tena tumtafutie pasipoti. Mimi ni mama lishe, fedha hiyo kwangu ni nyingi. Sioni kwa nini watoto wasipelekwe katika viwanda vya hapa nchini. Na usalama wao je?
*Mama wa mwanafunzi, Kizota*

JIBU: Mama yetu, swali lako la kwanza ni la haki kabisa, na ninaliunga mkono kwa moyo wote. Chuo kinachowapeleka wanafunzi Kigali kabla ya kuwapeleka kwenye viwanda vya kusindika zabibu huko Hombolo, au kwenye kituo cha reli ya kisasa hapa hapa Dodoma, kimeruka hatua, kwa sababu mwanafunzi ambaye hajui mambo yanavyoendeshwa kwao hana cha kulinganisha anapofika kwa jirani. Kiulize chuo kama ziara za ndani zimekwisha kufanyika. Kama zimefanyika, basi safari ya Rwanda ina faida ambayo ziara za ndani haziwezi kuitoa. Binti yako atavuka mpaka kwa mara ya kwanza akiwa na walimu wake, ataona nyaraka za forodha zikifanya kazi, na atawafahamu watu ambao huenda siku moja akafanya nao biashara, maana mchele na bidhaa nyingine za kwetu huuzwa huko.

Kuhusu gharama, pasipoti ya kielektroniki ya Tanzania ni shilingi 150,000 na hudumu miaka kumi, kwa hiyo itamfaa hata baada ya chuo. Ikiwa huna uwezo huo kwa sasa, Idara ya Uhamiaji hutoa hati ya dharura ya safari kwa shilingi 20,000, ambayo ni kwa safari moja. Mwambie binti afike ofisi ya Uhamiaji ya mkoa yeye mwenyewe aulize kama inafaa kwa safari hii, akiwa na namba yake ya NIDA, cheti chake cha kuzaliwa na cha mzazi mmoja. Atazame mapema kama majina yanafanana katika karatasi zote, kwa kuwa herufi moja iliyotofautiana huweza kumchelewesha kwa wiki kadhaa. Viza hailipiwi, kwa sababu Rwanda na Tanzania zote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Rwanda ilijiunga nayo mwaka 2007. Kuhusu chanjo na kadi ya homa ya manjano, chuo kiulize ofisi ya afya ya mkoa kabla ya kuwatangazia wazazi masharti yoyote.

Una haki ya kupewa mchanganuo wa matumizi kwa maandishi, unaoonesha nauli, malazi, chakula, viingilio na fedha ya dharura kila kimoja peke yake. Mzazi anayeambiwa jumla tu hana namna ya kujua anachokilipia. Uliza pia jina na simu ya mhadhiri wa kike atakayelala katika nyumba moja na wasichana, mahali watakapolala kila usiku ukiwemo ule wa njiani, na utaratibu wa matibabu mtoto akiugua akiwa Rwanda. Ukishindwa kulipa, usione haya kumwendea mratibu. Kwa maoni yangu, ziara ambayo ni sehemu ya masomo haipaswi kumwacha mwanafunzi nyuma kwa sababu ya umaskini wa wazazi wake, na ikiwa chuo hakina mfuko wa kuwasaidia wasio na uwezo, basi na kipunguze siku za safari mpaka kila mmoja aweze kwenda.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mmoja wa wanafunzi watakaosafiri. Katika ratiba kuna kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Gisozi. Baadhi yetu tunaona kwamba sisi ni wanafunzi wa biashara na mahali hapo ni pa huzuni mno. Je, ni lazima? Na tukienda, tuwe vipi?
*Mwanafunzi, Nzuguni*

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Mtu asilazimishwe kuingia, hasa mwenye msiba wa karibuni au mwenye historia ya familia inayohusiana na matukio hayo, na walimu wenu watenge mahali ambapo atakayeshindwa kuendelea atakaa na mwenzake. Lakini ninawaomba mwende. Mtaingia katika makampuni ya Kigali na kukutana na mameneja, mafundi na wahasibu ambao wengi wao walikuwa watoto mwaka 1994, au walizaliwa katika familia zilizopoteza nusu ya watu wake. Ukizungumza nao biashara bila kujua jambo hilo, hutaelewa kwa nini mambo mengi katika nchi yao yamepangwa kama yalivyopangwa, ukiwemo hata ule mpango wa ng'ombe anayepita kutoka kaya hii kwenda kaya ya jirani.

Historia hiyo inatugusa na sisi. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza tarehe 7 Aprili 1994 na kuendelea kwa siku zipatazo mia moja, na kwa hesabu za serikali ya Rwanda waliouawa ni zaidi ya milioni moja. Mwishoni mwa mwezi huo huo, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya takribani siku moja na kuingia Ngara, katika ardhi ambayo basi lenu litapita, na Benaco ikageuka kutoka mahali padogo pa njiani kuwa kambi kubwa kuliko miji mingi ya Tanzania ya wakati ule. Mahakama ya Kimataifa iliyowashtaki waliopanga mauaji iliwekwa Arusha, ikafanya kazi yake hadi mwisho wa mwaka 2015.

Kumbukumbu ya Gisozi ilifunguliwa mwaka 2004, na katika makaburi yake wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Ndani kuna chumba cha watoto. Kila picha ya mtoto imeandikiwa jina lake, umri wake, chakula alichokipenda na mchezo alioupenda, kisha namna alivyouawa. Wageni wengi hushindwa kujizuia katika chumba hicho, na hakuna haja ya kujizuia. Vaeni kwa heshima, zimeni simu, msipige picha ndani bila ruhusa, na hata nje kwenye makaburi msipige picha za kutabasamu. Ziara hii iwekwe asubuhi, na mchana wake msipangiwe kampuni yoyote, ili mpate muda wa kukaa na walimu wenu na kuzungumza.

Kuna tahadhari moja ambayo Mtanzania anaihitaji kuliko mgeni mwingine yeyote. Kwetu ni jambo la kawaida kumuuliza mtu tuliyekutana naye sasa hivi yeye ni kabila gani, na utani wa makabila tunautumia hata msibani kuwafariji wafiwa. Rwanda usimuulize mtu yeyote swali hilo, wala usilifanyie utani, wala usibahatishe kwa kumtazama sura au urefu. Mtu mwenyewe akikusimulia habari zake, msikilize, usimchimbe. Vilevile, ikiwa safari yenu itaangukia wiki inayoanzia tarehe 7 Aprili, mwombeni mratibu aisogeze, kwa sababu taifa zima huwa katika maombolezo na shughuli nyingi husimama.

SWALI: Mhariri, mimi sijui Kinyarwanda na Kifaransa sijawahi kukisoma. Kiingereza changu ni cha darasani. Nitawezaje kuuliza maswali kwenye kampuni?
*Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Dodoma*

JIBU: Utaweza vizuri tu. Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda tangu mwaka 2017, na wafanyabiashara, madereva na watu wengi waliowahi kuishi Tanzania, Uganda, Kenya au Kongo wanakizungumza. Vijijini hali ni tofauti, kwa hiyo mratibu amtafute mkalimani wa siku ya Nyanza na ya kituo cha maziwa. Jifunze kumsalimia mtu kwa "muraho" na kumshukuru kwa "murakoze". Kiwandani mazungumzo mengi yatakuwa ya Kiingereza, nawe usisubiri kutunga swali ukiwa umesimama mbele ya meneja. Kila kikundi kiandike maswali yake matano kwa Kiswahili, kiyapeleke kwa mwalimu wa lugha wa chuo yatafsiriwe, kisha mratibu ayatume kwa kampuni wiki mbili kabla, ili wenyeji wenu waje na majibu pamoja na mtu anayezifahamu hesabu zenyewe. Daftari lenu liwe na kurasa mbili kwa kila swali, moja ya jibu mlilopewa na nyingine ya mlichokiona kwa macho yenu kiwandani, na vikundi visomeane kurasa hizo kila usiku kabla ya kulala.